Amri ya muda katika kesi ya kodi: je, Hajati wa Busia anaweza kukata rufaa?

Hajati anauza matairi na spea za bodaboda kwa jumla mjini Busia, upande wa Uganda, na ana duka la pili Kisekka, Kampala. Nimemtunga mimi, yeye na hesabu zake, ili tuwe na kisa kimoja cha kukifuata toka mwanzo. Sheria na kesi zitakazotajwa ni za kweli, na mkasa wenyewe si mgeni kwa yeyote anayefanya biashara mpakani.

URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ilipomkagua, ilichukua taarifa zake za benki ikazilinganisha na ankara alizotoa kwenye EFRIS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Fedha zilizoingia benki zilizidi mauzo yaliyotangazwa kwa shilingi bilioni 1. Tofauti hiyo yote ikahesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa, ikatozwa VAT ya asilimia 18, yakatoka makadirio ya shilingi milioni 180.

Hajati hakukana yote. Alikubali kwamba mauzo ya milioni 150 hayakutolewa ankara, kijana wa dukani aliyaandika daftarini akaishia hapo. VAT yake ni milioni 27. Zilizobaki, asema, si mauzo hata kidogo. Kuna wafanyabiashara wenzake watano wanaochanga kuagiza mzigo kwa kontena moja kupitia Mombasa. Kila mmoja huweka fungu lake kwenye akaunti ya Hajati, naye humlipa muuzaji kwa mkupuo. Kuna mkopo pia, na kuna akiba ya kikundi cha kina mama ambacho yeye ni mweka hazina wake. Fedha za watu zimepita mkononi mwake, na sasa zinatozwa kodi kama zake.

Alifuata njia inavyotakiwa. Alipeleka pingamizi ndani ya siku 45. Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kujibu, alijibu kwa wakati na kukataa. Ndani ya siku 30 baada ya kupokea majibu, wakili wake akafungua ombi katika Baraza la Rufaa za Kodi. Tena alikuwa ameshalipa zile milioni 27 alizozikubali, akiamini kwamba sasa hadaiwi kitu mpaka kesi iishe.

Siku moja akaenda benki kutuma fedha za mzigo. Karani akaingiza namba ya akaunti, akatazama kioo, akaenda nyuma kuongea na meneja, akarudi na karatasi. Salio lilikuwepo, milioni 88, lakini haligusiki. URA ilikuwa imeiandikia benki notisi ya wakala: deni ni milioni 153, lipeni kutoka kwenye akaunti ya mteja wenu. Benki inayopuuza notisi ya namna hiyo hujitwika deni lenyewe, kwa hiyo karani hakuwa na la kumsaidia Hajati zaidi ya kumpa nakala.

Wakili alikimbilia Barazani na maombi mawili. La kwanza lilikuwa zuio la muda mpaka kesi ya msingi imalizike. La pili lilikuwa amri ya muda, ya haraka zaidi, ya kushikilia mambo yalivyo mpaka ombi la zuio lisikilizwe. Baraza lilisikiliza la haraka na kusema hivi: kesi ya msingi ipo, tishio la kukusanya lipo, ila mlipakodi hajatimiza sharti la kutanguliza asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, atimize, kisha arudi. Ombi likakataliwa.

Hapo ndipo swali la kisa hiki lilipozaliwa, ofisini kwa wakili, jioni hiyo hiyo.

"Mwanangu, wamenikatalia. Twende Mahakama Kuu. Rufaa si haki yangu?"

"Hajati, rufaa ni haki pale sheria ilipoiweka. Tuitafute kwanza ilipo, halafu tuone kama itatusaidia."

Jibu la wakili lina uzito kuliko linavyosikika. Watu wengi, na baadhi ya mawakili pia, wanadhani kwamba kila uamuzi unaouma una mahakama ya juu yake inayongoja kuusikiliza. Sivyo. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka hapa Uganda, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Shah (Na. 4), ilisema kwamba mamlaka ya kusikiliza rufaa hutoka kwenye sheria iliyoandikwa tu, hakuna mahakama inayozaliwa nayo. Msimamo huo haujabadilika. Katiba ya 1995 yenyewe, katika ibara ya 134, inasema rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ni kwa maamuzi yale yaliyoainishwa na sheria. Kwa hiyo uamuzi wa Baraza unaweza kuwa mbaya kabisa na bado usiwe na rufaa. Kabla ya kuuliza kama Baraza limekosea, tafuta kifungu.

Kwa Hajati, kifungu kipo kwenye Sheria ya Mabaraza ya Rufaa za Kodi ya 1997. Nitatumia namba zilizozoeleka kabla sheria za Uganda hazijapangwa upya katika toleo lililoanza kutumika Julai 2024. Kifungu cha 27 kinampa mhusika yeyote wa shauri siku 30, tangu alipojulishwa uamuzi, kupeleka notisi ya rufaa Mahakama Kuu, au muda zaidi mahakama ikiridhia. Rufaa iwe ya hoja za kisheria pekee, na hoja hizo ziandikwe kwenye notisi yenyewe.

Je, kukataliwa amri ya muda ni "uamuzi" kwa maana ya kifungu hicho? Hapa pana mabishano ya kweli, na kila upande una la kusema. Anayetaka rufaa atasema: sheria imeandika uamuzi, haikuandika uamuzi wa mwisho, Baraza limesikiliza pande mbili, limepima, limetamka, kama Bunge lingetaka kuyatoa maamuzi ya njiani lingesema. Tena sheria hii, tofauti na kanuni za madai za Mahakama Kuu, haikuweka orodha ya amri zinazokatiwa rufaa wala haikudai idhini. Anayepinga atajibu kwamba kifungu kinasomwa pamoja na vinavyokitangulia, na vile vinaposema uamuzi vinazungumzia Baraza kuthibitisha, kubadilisha au kutengua uamuzi wa Kamishna. Amri ya muda haifanyi lolote kati ya hayo. Isitoshe, wote wanajua sababu ya Baraza kuundwa. Ibara ya 152 ya Katiba iliagiza mabaraza ya kodi yawepo ili migogoro hii imalizwe na watu wanaoijua kodi, na haraka. Kama kila amri ya njiani itapanda Mahakama Kuu, shabaha hiyo imekufa.

Mimi naegemea upande wa pili, lakini si kwa amri zote. Kipimo ninachokiona cha haki ni hiki: baada ya amri hiyo kutolewa, mlipakodi bado ana kesi Barazani au hana? Hajati anayo. Ameambiwa alipe, arudi. Tungebadilisha neno moja tu la uamuzi ule, Baraza likasema kwamba kwa kuwa hajalipa asilimia 30 basi ombi lake lote la msingi linatupwa, ningemwambia akimbilie Mahakama Kuu kesho yake. Amri hiyo hata kama imetolewa katikati ya safari imemaliza safari. Na swali la kama sharti la asilimia 30 linaweza kumfungia mtu mlango wa Baraza ni hoja ya sheria tupu, jambo ambalo kifungu cha 27 kinalipokea bila shida. Vivyo hivyo pale ambapo Baraza limejipa mamlaka lisilo nayo. Amri iliyotolewa bila mamlaka haifai kungojewa mpaka mwisho wa kesi.

Tuseme sasa mlango wa rufaa upo wazi kwa Hajati. Angeshinda? Hapa lazima tuiangalie asilimia 30 yenyewe, kwa sababu ndiyo roho ya uamuzi aliokasirikia.

Kifungu cha 15 kinasema aliyepinga makadirio atalipa, wakati mgogoro ukiendelea, asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa au ile sehemu isiyobishaniwa, ipi iliyo kubwa. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyompitia Hajati. Sehemu isiyobishaniwa ni milioni 27. Asilimia 30 ya milioni 180 ni milioni 54. Iliyo kubwa ni 54, kwa hiyo alikuwa amelipa nusu ya alichotakiwa. Wafanyabiashara wengi husimama pale pale aliposimama, kwa sababu mtu wa kawaida anaona ni uungwana kulipa anachokikubali na kubishania kilichobaki.

Je, sharti hilo ni halali kikatiba? Limeshapigwa vita na limepona. Katika Rufaa ya Kikatiba Na. 2 ya 2009, Uganda Projects Implementation and Management Centre dhidi ya URA, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba kumtaka mlipakodi atangulize sehemu ya kodi kunamnyima haki ya kusikilizwa. Serikali haiwezi kusimamisha huduma ikingoja kila mgogoro uishe. Baadaye Mahakama ya Katiba, katika shauri la Fuelex (U) Ltd dhidi ya URA lililofunguliwa 2009, ililegeza kidogo: asiyebishania kiasi cha kodi hapaswi kubanwa na sharti hilo. Huyo ni mtu anayesema, kwa mfano, kwamba sheria iliyotumika haimhusu kabisa. Wakili wa Hajati aliitazama Fuelex kwa hamu, na ni sawa kuitazama, lakini sioni ikimfikia mteja wake. Hajati hasemi VAT haimhusu. Anasema bilioni 1 si bilioni 1 ya mauzo. Huo ni ubishi wa kiasi.

Na sharti hili haliwachagui wadogo. Heritage Oil and Gas ilipouza vitalu vyake vya mafuta vya Ziwa Albert kwa Tullow mwaka 2010 na kukadiriwa kodi ya zaidi ya dola milioni 400, asilimia 30, dola milioni 121 hivi, ililipwa kabla mabishano hayajafika mbali. Baraza liliikatalia Heritage mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kwenye sheria Hajati hana pa kushika. Angebaki na kulalamika kwamba Baraza lilitumia vibaya hiari yake: halikuipa uzito hali ya biashara, wafanyakazi, mzigo uliokwama Mombasa. Lakini hiari ya mahakama ni ngome ngumu. Mbogo dhidi ya Shah ya 1968 (Shah mwingine huyu) inaagiza mahakama ya rufaa isiiguse mpaka ionekane aliyeamua alijielekeza vibaya na hivyo akafikia uamuzi mbaya, au amekosea waziwazi mpaka haki ikapotea. Pia malalamiko ya hali ya biashara ni mambo ya ushahidi, na tumeshaona kwamba kifungu cha 27 kinapokea sheria pekee.

Kuna jambo lingine ambalo linasahauliwa mara nyingi. Ombi lilikataliwa. Ukikata rufaa dhidi ya amri ya kukataa, huwezi kuomba amri hiyo isimamishwe wakati unangoja, kwa kuwa haikuamuru kitu. Notisi ya wakala ingebaki benki ikifanya kazi yake kipindi chote cha rufaa. Na siku benki ikishapeleka zile milioni 88, mahakama haiwezi tena kuzuia kilichokwisha kutendeka. Hata Hajati akishinda rufaa ya amri ya muda, atakuwa ameshinda karatasi.

Halafu kuna riba. Kodi isiyolipwa huzaa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na kuwa na kesi hakuisimamishi. Juu ya milioni 153 ni shilingi milioni 3 na elfu 60 kila mwezi. Rufaa ya amri ya muda ikila mwaka mmoja huku kesi ya msingi imelala, na mwisho wake Hajati akashindwa, ameongeza zaidi ya milioni 36 kwenye deni kwa ajili ya kukwepa kutanguliza milioni 27. Wakili alimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi. Hajati, ambaye hesabu za biashara hazimpigi chenga, aliisoma mara moja akanyamaza.

Kabla ya kuona walichofanya, nataka tugeuze kisa. Mara nyingi anayelalamika ni URA: Baraza au mahakama imetoa amri ya muda, ukusanyaji umesimama, na mlipakodi hana tena haraka ya kesi yake kwenda mbele. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Amri ya muda isiyo na tarehe ya mwisho ni msamaha wa kodi ambao Bunge halikuutoa. Lakini hata URA, kabla ya kukimbilia rufaa, ina njia fupi zaidi. Agizo la 41 la Kanuni za Madai, kanuni ya 4, linamruhusu yeyote asiyeridhika na zuio kurudi mahakama ile ile iliyolitoa na kuomba liondolewe, libadilishwe au litenguliwe. Ombi hilo halihitaji kuthibitisha kwamba mahakama ilikosea. Inatosha kuonyesha kwamba mambo yamebadilika, au kwamba mlipakodi alificha jambo, au kwamba anaitumia amri kulala. Na Barazani roho ya kanuni hiyo inafaa vilevile.

Sasa tumsogeze Hajati mbele. Tuchukulie Baraza limemaliza kesi ya msingi na ameshindwa. Amekata rufaa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, ndani ya siku 30, na ameomba utekelezaji usimamishwe. Hapa uwanja unabadilika, kwa sababu sasa kanuni za Mahakama Kuu ndizo zinazotawala, nazo zina ngazi zake.

Maombi ya amri ya muda mara nyingi huanzia kwa msajili. Kipimo chake si kigumu. Tangu kesi ya Hwan Sung Industries katika Mahakama ya Juu, ombi Na. 19 la 2008, inatosha kuonyesha kwamba kuna ombi la msingi linalongoja na kuna tishio la kweli la utekelezaji kabla halijasikilizwa. Upande ambao haukuridhika na amri ya msajili una rufaa ya wazi kwa jaji, chini ya Agizo la 50, kanuni ya 8. Muda ni siku 7 tu, kwa kifungu cha 79 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Anayengoja zile siku 30 za rufaa za kawaida hujikuta nje.

Amri ikitoka kwa jaji, tafuta orodha. Kifungu cha 76 cha sheria hiyo na Agizo la 44 zinataja amri ambazo rufaa yake ni haki ya moja kwa moja, na zuio la muda lililotolewa chini ya Agizo la 41 limo. Ile amri ya haraka ya kushikilia mambo yalivyo haimo. Yenyewe imekuzwa na mahakama kwa mazoea, ikiegemea mamlaka ya asili ya mahakama chini ya kifungu cha 98. Kwa hiyo karatasi mbili zinazofanana sura, zote zimepigwa muhuri wa mahakama moja na zote zinaizuia URA kukusanya, zinaweza kuwa na njia tofauti kabisa: moja unaikatia rufaa bila kumwomba mtu, nyingine unahitaji idhini.

Idhini huombwa kwanza kwa mahakama iliyotoa amri, papo hapo kwa mdomo au kwa maandishi ndani ya siku 14. Ikikataa, unaiomba Mahakama ya Rufani, nako ni siku 14. Mwombaji halazimiki kuthibitisha kwamba atashinda. Sango Bay Estates dhidi ya Dresdner Bank, ya 1971, inataka aonyeshe sababu za rufaa zinazostahili kufikiriwa na mahakama kwa uzito. Kwa jinsi nionavyo, amri ya muda ya kawaida, ya wiki mbili tatu, haipiti kipimo hicho mara nyingi. Inayopita ni ile iliyotolewa bila mamlaka, au bila kumsikiliza mwenzako na kuachwa ielee bila tarehe, au ile ambayo kwa jina ni ya muda lakini imempa mwombaji kila alichokuwa anakitaka kwenye kesi nzima.

Mahakama ya Rufani yenyewe ikitoa amri ya muda kupitia jaji mmoja, usitafute rufaa. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mahakama kinakupa kitu kingine, marejeo mbele ya majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo, nao wanaweza kuithibitisha, kuibadilisha au kuitengua. Unaomba hapo hapo kwa mdomo au ndani ya siku 7 kwa maandishi. Nimeona inafaa kulitaja kwa sababu jina la hati likikosewa hapa, shauri hutupwa kabla halijasomwa.

Hajati aliuliza pia kama wasingeweza kuliruka Baraza, waende moja kwa moja Mahakama Kuu wakaombe zuio huko, kwani Katiba inasema mahakama hiyo ina mamlaka yasiyo na mipaka. Zamani swali hilo lilikuwa na majibu mawili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika URA dhidi ya Rabbo Enterprises, ilifunga mjadala: mgogoro wa kodi huanzia Barazani, na Mahakama Kuu huupata kwa njia ya rufaa. Mapitio ya mahakama nayo, tangu kanuni zake zirekebishwe 2019, yanamtaka mwombaji awe amemaliza kwanza njia nyingine zilizopo. Anayejaribu njia ya mkato hupoteza siku 30 zake za Barazani akiwa bado yupo kwenye foleni ya mahakama isiyo yake.

Na malalamiko yake je, kwamba Baraza lilikuwa gumu mno kwake? Hayapotei. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaweka msingi mzuri: amri ya njiani ambayo haikuwa na rufaa inaweza kutajwa kama sababu katika rufaa ya uamuzi wa mwisho, ikiwa kasoro yake iliathiri uamuzi huo. Wakili aliandika pingamizi lake kwenye kumbukumbu za shauri siku ile ile, kwa heshima na kwa maneno machache. Hilo ni jambo dogo ambalo mawakili wengi hulisahau kwa hasira ya kushindwa, kisha mwaka mmoja baadaye hawana pa kulionyesha.

Walichofanya mwisho kilikuwa rahisi kuliko rufaa. Hajati hakuwa na milioni 27 nyingine mkononi, lakini alikuwa na milioni 88 zilizofungwa. Wakili aliiandikia URA Nakawa: chukueni milioni 27 kutoka kwenye akaunti hiyo, zihesabiwe kuwa ndizo zilizopungua kwenye asilimia 30, kisha ondoeni notisi kwa zilizobaki mpaka Baraza liamue. URA ilikuwa na sababu ya kukubali, kwa kuwa ingepata papo hapo kile sheria inachowapa, bila kesi ndogo ya pembeni. Pande mbili zikatia saini, Baraza likayaingiza makubaliano hayo kuwa amri, na milioni 61 zikafunguliwa.

Wakili alimweleza jambo moja kabla hajasaini, na alifanya vyema. Kilichoamriwa kwa ridhaa ya pande zote hakina rufaa. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema hivyo kwa hukumu, na mtu aliyekubali amri ya njiani hatapata sikio tofauti. Angetaka kuitengua baadaye, ingebidi athibitishe hila au kosa la msingi katika makubaliano yenyewe. Hajati aliomba asomewe karatasi yote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, akauliza kama neno "mpaka Baraza liamue" linamaanisha uamuzi wa mwisho. Likarekebishwa liseme hivyo waziwazi, ndipo akasaini.

Deni ambalo halijalipwa sasa ni milioni 126, na riba yake ni milioni 2 na elfu 520 kwa mwezi, kwa hiyo wakili ameomba tarehe ya karibu ya kesi ya msingi badala ya kutegemea utulivu wa amri. Barazani mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipakodi. Wenzake wanne kati ya wale watano wameshakula kiapo na kuambatanisha stakabadhi za benki za mafungu yao, na hati za kontena zinaonyesha mzigo wa nani ulikuwa kiasi gani. Wa tano alipeleka fungu lake kwa fedha taslimu, dukani, bila karatasi. Kwa fungu hilo wanatafuta daftari lake la mauzo ya mwezi huo, ili angalau ionekane kwamba mali iliyofika aliipokea na kuiuza yeye.